Mali Bila Daftari: Maoni Kuhusu Kupunguza Vyombo Kabla ya Kuhamia Nyumba Ndogo

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kawaida kauli hii huelekezwa kwa mfanyabiashara asiyeandika anachouza na anachokopesha. Makala haya yanaiazima na kuielekeza kwingine: kwa mwalimu wa Kiswahili anayestaafu, kwa mjane anayehamia kwa mwanawe, kwa familia iliyoshindwa na kodi, na kwa kila mtu anayelazimika kutoka katika nyumba kubwa na kuingia katika nyumba ndogo. Wote hawa hukabiliwa na swali moja: kipi kiende na kipi kibaki? Dai letu ni kwamba wengi wetu hulijibu swali hili kinyume. Tunang'ang'ania vitu vinavyoweza kununuliwa tena dukani, na kuviachilia vile ambavyo havipatikani popote kwa bei yoyote. Miongoni mwa wasomi wa Kiswahili, hasara ya kosa hilo haimfiki mwenye nyumba peke yake. Inatufika sisi sote.

Nyumba zinapungua

Mji wa Kakamega ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Magharibi hadi serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013. Kwa miongo mingi mji huu uliwavuta makarani, wauguzi, wakaguzi wa shule, maafisa wa elimu na walimu. Baadhi yao waliishi katika nyumba za serikali, wengine katika nyumba za shule na za taasisi walizozitumikia. Nyumba ya kazi ina sifa moja ambayo mkaaji wake huisahau kwa urahisi, nayo ni kwamba si yake. Siku ya kustaafu ikiwadia, funguo hurudishwa. Ni kweli kwamba mwaka 2009 umri wa kustaafu kwa watumishi wa umma ulipandishwa kutoka miaka 55 hadi 60. Hata hivyo, kuahirisha safari si kuifuta.

Aidha, ardhi yenyewe imebana. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,867,579 katika Kaunti ya Kakamega. Mashamba hugawanywa baina ya ndugu, kisha baina ya watoto wa ndugu hao, na nyumba anayoijenga mstaafu katika kipande alichorithi mara nyingi huwa ndogo kuliko ile aliyopewa kazini. Wengine huwafuata watoto wao Nairobi au Eldoret, ambako mzee aliyezoea vyumba vinne na ghala hujikuta katika chumba kimoja cha kulala na sebule ya kushirikiana. Kuhama kwa namna hii si aibu wala si dalili ya kushindwa. Ni hatua ya maisha kama zilivyo hatua nyingine, na yeyote ajaliwaye umri mrefu huenda akaifikia.

Lipo jambo jingine linalowahusu moja kwa moja wasomaji wa jarida hili. Mfumo wa elimu wa 8-4-4, uliotokana na mapendekezo ya Tume ya Mackay ya mwaka 1981, ulianza kutekelezwa mwaka 1985. Katika mfumo huo Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Mtihani wa kwanza wa KCPE ulifanywa mwaka huohuo wa 1985, na ule wa kwanza wa KCSE mwaka 1989. Nchi ikawahitaji walimu wa Kiswahili kwa wingi usio na kifani, hata katika maeneo ambayo lugha hii haikuwa lugha ya kwanza ya wakazi wake. Na tupige hesabu kidogo. Mwalimu aliyeingia darasani mwaka 1985 akiwa na umri wa miaka 25 alitimiza miaka 60 mwaka 2020. Maana yake ni kwamba kizazi kizima kilichokisimika Kiswahili katika shule za Magharibi kimekwisha kustaafu au kinastaafu. Mfumo wenyewe nao unaondoka, kwani KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Kwa hiyo tunapozungumzia kupunguza vyombo hatuzungumzii jambo dogo la nyumbani. Tunazungumzia masanduku ya kizazi hicho.

Kinachobebwa na kinachoachwa

Tuchukulie mfano wa mwalimu mmoja wa aina hiyo. Amefundisha miaka thelathini na mitano. Anatoka katika nyumba ya shule yenye vyumba vinne na kuhamia katika nyumba yake mwenyewe ya vyumba viwili kijijini. Gari limekodiwa kwa safari moja tu kwa sababu kila safari ni gharama. Kinachopakiwa kwanza ni nini? Bila shaka ni seti ya makochi, kabati la vyombo, televisheni, kitanda kikubwa, jokofu na meza ya kulia chakula. Kochi likifikishwa huko kijijini hugundulika kwamba haliingii mlangoni. Likilazimishwa kuingia, sebule hujaa hata mgeni akakosa pa kupitisha miguu.

Zile katoni zilizokuwa chini ya kitanda je? Humo mna maazimio ya kazi na maandalio ya masomo ya miongo mitatu. Mna insha za wanafunzi alizozitunza kwa kuwa zilimfurahisha au zilimshangaza. Mna miswada ya michezo ya kuigiza aliyowaandikia wanafunzi kwa ajili ya mashindano ya drama, ambayo iliigizwa msimu mmoja na haikupata kuchapishwa. Mna majarida ya vyama vya Kiswahili yaliyochapwa kwa stensili, nakala chache kila toleo. Mna kaseti ambazo kwazo alirekodi wazee wakisimulia ngano na kufafanua methali. Mna vitabu teule vya zamani, pambizo zake zikiwa zimejaa mwandiko wake. Kwa macho ya vijana wanaopakia gari, haya yote yana jina moja tu: makaratasi.

Makaratasi hayo yana soko. Karatasi iliyoandikwa upande mmoja au pande zote mbili hufungia njugu na mandazi vizuri, na tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, mfuko wa karatasi umepata thamani mpya. Hatuwalaumu wauza njugu. Wao hununua kilichokwisha kutupwa. Lawama, kama ipo, inatuhusu sisi tunaojua thamani ya yaliyomo na hatufiki mapema.

Msomaji atauliza: thamani gani hiyo? Tutoe mfano mmoja tu. Katika kozi zetu za isimu matumizi tunasoma kwamba baadhi ya wazungumzaji wa Kiluyia huchanganya sauti b na p, d na t, g na k wanapozungumza na hata wanapoandika Kiswahili. Aghalabu mfano huo hutolewa kwa sentensi mbili tatu za kubuni. Ilhali mwalimu aliyesahihisha insha za wanafunzi wa eneo moja kwa miaka thelathini, na kuyaorodhesha makosa yao mwaka baada ya mwaka ili ajue la kufundisha, ana data ambayo mtafiti hawezi kuikusanya leo hata akipewa fedha kiasi gani. Wanafunzi wale wamekwisha kuwa wazazi. Insha zile haziandikwi tena. Orodha ile ikichomwa, swali la namna lafudhi na maandishi yalivyobadilika katika kizazi kimoja halitapata jibu.

Historia inayokaa katika katoni

Kiswahili hakikuletwa Magharibi na 8-4-4. Katika karne ya 19 misafara ya biashara kutoka pwani ilituwa Mumias, makao ya Nabongo Mumia, na lugha ya pwani ikaja nayo. Msafiri Joseph Thomson alipopita huko mwaka 1883, njia hiyo tayari ilikuwa ikijulikana kwa wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu. Nabongo Mumia mwenyewe aliishi hadi mwaka 1949. Mwaka 1920 makao ya utawala wa wilaya yalihamishwa kutoka Mumias hadi hapa Kakamega. Huko nako kulikuwa ni kuhama nyumba, na taarifa za kila mwaka za maafisa wa kikoloni wa wilaya hiyo zimehifadhiwa hadi leo katika Makavazi ya Taifa jijini Nairobi. Mwanahistoria anayetaka kujua afisa wa wilaya alifikiri nini kuhusu kodi, barabara au shule anaweza kuketi akasoma.

Sasa tujiulize: anayetaka kujua mwalimu wa Kiswahili wa Kakamega alifikiri nini kuhusu lugha aliyoifundisha, asome wapi? Ofisi ilipohama haikuyaacha majalada yake. Mwalimu wetu anapohama hubeba kochi. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua ni nani atakayekumbukwa. Vitabu vya historia ya Kiswahili hutupeleka Lamu, Pate, Mombasa na Unguja, na ni haki vitupeleke huko. Hata hivyo, sura ya namna lugha hii ilivyoota mizizi katika bara, miongoni mwa watu ambao si yao kwa kuzaliwa, bado ni nyembamba. Malighafi ya sura hiyo imo katika katoni tunazozitaja.

Mfano wa pwani unatufunza jambo. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki karibu mwaka 1840, hakuacha diwani iliyochapishwa. Beti zake zilibaki vifuani mwa watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, alizikusanya kutoka kwa waliozikumbuka, na mmishenari W. E. Taylor akazichukua pamoja na maelezo yake. William Hichens alizichapisha mwaka 1940, na mwaka 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa utafiti wake mkubwa kuhusu mshairi huyo. Bila ya Mwalimu Sikujua, Muyaka angekuwa jina tu. Lakini karatasi za Taylor ziko katika maktaba ya SOAS, London. Tunashukuru kwamba zilihifadhiwa. Tusikitike pia kwamba mwanafunzi wa Mombasa au wa Kakamega akitaka kuziona kwa macho yake lazima avuke bahari. Ikiwa sisi wenyewe hatutazihifadhi karatasi za walimu wetu, atakayezihifadhi atazipeleka kwake.

Upo pia mfano wa mtu aliyejua kupunguza. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966, alikusanya nyumbani kwake Muthaiga, Nairobi, vitabu zaidi ya 50,000 pamoja na nyaraka na kazi za sanaa. Alipoondoka Muthaiga katika miaka ya 1970, hakuuacha mkusanyo huo utawanyike. Alikubaliana na serikali iuchukue kwa ajili ya taifa. Murumbi alifariki mwaka 1990. Nyumba ile ya Muthaiga haikusalimika, ilibomolewa. Vitabu na nyaraka zake vimo katika Makavazi ya Taifa, na anayeingia katika jengo hilo huweza kuiona sanaa yake kwenye ghorofa ya chini. Jumba lilianguka, karatasi zikabaki. Si kila mtu ni Murumbi, na si kila katoni ni hazina. Lakini kanuni aliyoifuata inamfaa hata mwenye katoni tatu: alipanga mapema, na alijua ni nini kiende wapi.

Vyombo vina majina

Hoja yetu haiishii kwenye karatasi. Nyumba kubwa inapopunguzwa, hutoka pia vitu vilivyokwisha kupitwa na wakati: karabai iliyokuwa ikipigwa pampu jioni, koroboi ya bati, pasi ya makaa, seredani, kinu na mchi, ungo, santuri, na mtungi wa maji ambao katika baadhi ya lahaja za Kiluyia huitwa isiongo. Kila kimojawapo kina jina, na kila sehemu yake ina jina. Mwanafunzi aliyezaliwa mwaka 2004 hukutana na neno karabai katika riwaya, akalitazama katika kamusi, akasoma kwamba ni aina ya taa, akaendelea na safari yake. Hajui utambi wake ulivyokuwa, wala sauti yake ikiwaka, wala kwa nini mhusika wa riwaya alitumwa jirani kuiazima usiku wa matanga.

Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany (1927–2017) aliiona hatari hii mapema kuliko wengi. Katika Sambo ya Kiwandeo (1979) aliyatia katika ushairi maneno ya uundaji wa vyombo vya baharini. Katika Umbuji wa Mnazi (1985) alifanya vivyo hivyo kwa mnazi na yote yatokanayo nao. Alifahamu kwamba kitu kikiondoka bila ya jina lake kuandikwa, jina nalo huondoka. Hatuhitaji kuwa washairi wa kiwango chake ili tuige busara yake. Yatosha kumkalisha mwenye nyumba chini kabla ya kinu kutolewa, tukamwuliza: hiki chaitwaje kwenu, chaitwaje kwa Kiswahili, kilitumiwaje, na nani alikitengeneza? Baada ya hapo kinu na kiende kwa amani. Kitu kinaweza kugawiwa, maadamu habari zake zimebaki.

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba tunawahimiza wazee walundike takataka. Hasha! Ulundikaji ni namna nyingine ya kupoteza. Kakamega hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Karatasi iliyofungiwa ndani ya gunia kwenye ghala la mabati hupata ukungu, na pasipo ukungu huja mchwa na panya. Mzee asemaye, "Nimevitunza vyote," mara nyingi amewatunzia mchwa. Isitoshe, mzigo usiopangwa na mwenyewe akiwa hai huwaangukia watoto wiki ya mazishi, wakati ambapo hakuna mwenye subira ya kusoma karatasi moja moja. Kupunguza ni lazima. Tunachopinga ni kupunguza kwa pupa na bila ya mpango.

Wengine watasema kwamba siku hizi kila kitu kinapatikana kwenye intaneti. Dai hili lina ukweli kwa kitabu kilichochapishwa nakala elfu kumi. Halina ukweli wowote kwa mswada wa mchezo ulioandikwa kwa mkono, wala kwa sauti ya bibi aliyerekodiwa Shinyalu kwa kaseti. Intaneti haiwezi kuonyesha ambacho hakuna aliyekiweka humo.

Kuna pingamizi la tatu lenye uzito zaidi. Katika makaratasi ya mwalimu mna siri za watu: alama za mwanafunzi aliyeanguka, barua ya mzazi aliyeomba kusubiriwa karo, taarifa ya nidhamu, barua za mapenzi za mwenye nyumba mwenyewe. Hatuna haki ya kuyachukua haya kwa jina la utafiti. Mwenye mali ndiye mwenye kauli ya mwisho. Akisema barua hizi zichomwe, na zichomwe mbele yake. Majina ya wanafunzi katika insha na orodha za makosa yafunikwe kabla ya mtu mwingine kuzisoma. Heshima ya mtu haiuzwi kwa shahada ya mtu mwingine.

Mwisho, yupo asemaye kwamba mstaafu anahitaji fedha, na mnunuzi wa karatasi hulipa papo hapo. Hoja hii ni ya haki, na jibu lake ni rahisi. Chama cha wanafunzi kikimlipa bei ileile ya kilo, hakitafilisika. Tunachanga kwa safari za makongamano na kwa fulana zenye nembo. Je, hatuwezi kuchanga tukakomboa katoni moja?

Tufanye nini?

Kwanza, kazi ianze mapema, ikiwezekana miezi sita kabla ya kuhama. Mwenye nyumba apime nyumba anayokwenda: upana wa mlango, urefu wa ukuta, nafasi ya kitanda na kabati. Kipimo kina faida kwamba hakina huruma. Kochi lisiloingia mlangoni liuzwe au ligawiwe nyumba kubwa ingali na wageni wa kulinunua, badala ya kuachwa kwenye mvua siku ya safari.

Pili, vitu vigawanywe mafungu manne. Fungu la kwanza ni vya kuhama navyo, yaani vile vitumiwavyo kila juma. Fungu la pili ni vya kugawa kwa jamaa na majirani, na ni vyema mwenyewe avitoe kwa mkono wake akiwa hai, aone furaha ya anayepokea. Fungu la tatu ni vya kuuza. Fungu la nne ni vile ambavyo havina nakala nyingine popote: vilivyoandikwa kwa mkono, vilivyorekodiwa, na vilivyochapwa kwa nakala chache. Fungu hili la nne lisishughulikiwe mwisho kama ilivyo desturi. Lishughulikiwe kwanza, kwa sababu siku ya mwisho mikono huwa imechoka na gari huwa linapiga honi.

Swali la kuamulia ni hili: kitu hiki kikipotea leo, kinaweza kupatikana tena? Nakala ya Utengano au ya Siku Njema hupatikana. Basi na apewe mwanafunzi anayeihitaji. Nakala hiyohiyo ikiwa na maelezo ya mwalimu katika kila pambizo imekuwa kitu kingine, na mahali pake ni fungu la nne.

Tatu, taasisi zetu zipelekewe orodha kabla ya kupelekewa mzigo. Maktaba nyingi hukataa magunia ya vitabu kwa kuwa hazijui kilichomo na hazina nafasi. Hazitakataa kusoma karatasi mbili zinazotaja kilichopo, cha mwaka gani, na hali yake. Hapa Kakamega tuna Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, tuna maktaba ya umma, na Makavazi ya Taifa yana kituo cha kumbukumbu katika mji huu. Idara ya Kiswahili ikiwa na orodha mkononi inaweza kuamua kipi kiende maktabani, kipi kipigwe picha kwa simu na kurudishwa kwa mwenyewe, na kipi kiachwe. Kaseti ndizo zitangulie, kwa kuwa utepe huharibika hata usipoguswa na mashine za kuuchezea zinaadimika.

Nne, wahadhiri wetu waitambue kazi hii kuwa ni ya kitaaluma. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayeandika tasnifu fupi kwa kunakili tasnifu za waliomtangulia angefaidika zaidi akipewa nyumba moja inayohama, aorodheshe nyaraka zake na majina ya vyombo vyake, na aeleze alichokipata. Atajifunza leksikografia, fasihi simulizi na isimujamii kwa pamoja, naye ataacha nyuma yake kitu ambacho hakikuwapo.

Tano, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili, kuanzia hiki chetu hadi CHAWAKAMA kinachotuunganisha na wenzetu wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, vifanye hili kuwa desturi. Tumezoea kuwaalika walimu wastaafu katika makongamano yetu, tukawapa kipaza sauti kwa dakika kumi na soda moja, kisha tukawasindikiza hadi langoni. Hiyo ni heshima, lakini haitoshi. Heshima kubwa zaidi ni kumwendea mwalimu nyumbani kwake kabla ya gari kufika, tukiwa na kalamu na daftari, tukamwomba atufungulie katoni na kutueleza kilichomo. Wengi wao hawajawahi kuulizwa.

Wahenga walituonya pia kwamba tusiache mbachao kwa msala upitao. Kochi ni msala upitao. Mwaka ujao patakuwa na kochi jipya zaidi kwenye karakana za jua kali za mji huu. Daftari la mwalimu ndilo mbachao, limechakaa, lina madoa ya chai, na hakuna karakana inayoweza kutengeneza jingine. Tunapendekeza kwamba muhula huu kila mwanachama amtafute mwalimu mmoja aliyemfundisha Kiswahili, amwulize kama amehama au anatarajia kuhama, na awasilishe jibu lake kwa katibu wa chama kabla ya mitihani kuanza. Orodha hiyo ya majina ndiyo itakayokuwa ukurasa wa kwanza wa daftari letu.